Nukta ya Pembeni

Mtu mmoja alikuwa na kazi ya kutafuta kitu kisichoonekana. Jina lake Nakijwa, binti wa milima ya Upare, na kazi hiyo aliifanya mbali na kwao, katika chuo kimoja cha mjini, akichunguza picha zilizopigwa na darubini iliyorushwa juu kabisa ya mawingu. Katikati ya galaksi kubwa, yale makundi ya nyota zisizohesabika, wataalamu wanasema, hukaa shimo jeusi, zito kupita kiasi, linalomeza hata mwanga. Nakijwa hakushughulika na zile kubwa. Yeye alitafuta kwenye galaksi ndogo, zinazoitwa kibete, ambazo wengi huzipita kama wapitavyo nyumba ya mkiwa.

Mtaniuliza, shimo lisilotoa mwanga linatafutwaje? Ni kweli, lenyewe halisemi kitu. Lakini gesi na vumbi vinavyolizunguka hupata moto mkali mno kabla ya kumezwa, na moto huo hutoa eksirei, ya jamii ile ile ya hospitalini inayopita nyama ikaonyesha mfupa. Basi Nakijwa alitafuta joto la vile vinavyotumbukia.

Alikuwa na kanuni aliyoachiwa na waliomtangulia: tazama katikati. Nukta ya eksirei ikionekana pembeni mwa galaksi, hiyo si yake, ni ya kitu kingine kilicho mbali nyuma yake. Ifute, uendelee. Alifuta nyingi. Na kule katikati, mwaka baada ya mwaka, hakuona kitu.

Huyu Nakijwa alikuwa na baba, Mzee Kajiru. Mama alipofariki, binti alijenga nyumba ya matofali katikati ya kiwanja, yenye sebule na makochi, ili mzee asiuone upweke. Kila Desemba alipanda mlima kwenda nyumbani, kama wafanyavyo watu wa kule, na moyoni alibeba hamu moja tu: kukaa na baba yake wazungumze habari za mama. Mzee alikuja sebuleni amevaa viatu vyake vya kanisani. Aliketi kwenye ncha ya kochi, akauliza habari za kazi, akasema yeye hajambo, akaaga. Nakijwa alibaki akitazamana na vitambaa vya makochi. Alimkosa baba yake ilhali wameketi chumba kimoja, na hilo linauma kuliko kumkosa mtu aliye mbali.

Alfajiri, akiwa bado kitandani, alisikia sauti ya chini chini upande wa migomba. Ilisema, ikanyamaza, ikasema tena. Redio ya jirani hiyo, alijiambia, akajivutia shuka. Kisha akarudi mjini akiamini kwamba baba yake alizikwa siku ile ile na mama, na anayekuja sebuleni ni viatu tu.

Mwaka mmoja ikaja picha mpya ya galaksi ndogo aliyokwisha kuikatia tamaa. Nukta ya pembeni aliyoifuta zamani ilikuwapo tena, safari hii inawaka zaidi. Badala ya kuifuta alipima umbali wake. Ulikuwa umbali ule ule wa galaksi. Nukta haikuwa nyuma. Ilikuwa mle mle ndani. Galaksi ndogo haina nguvu ya kulishikilia shimo lake. Ikigongana na nyingine, shimo huweza kusukumwa kutoka katikati likabaki kuzungukazunguka pembeni, likiwaka peke yake bila mtu wa kulitazama.

Wenzake walimpongeza, naye hakusikia neno. Alikuwa amekumbuka kwamba yule jirani alihamia Korogwe kabla mama hajafa, na nyumba yake ilikuwa imefungwa miaka yote hiyo. Redio ya nani, basi?

Hakungoja Desemba. Alilala kwenye mji ulio chini ya mlima, na kabla hakujapambazuka akaupanda. Nyumba ya matofali aliipita kama hakuijenga yeye. Alikwenda hadi kwenye jiko la zamani la mama yake, lile la udongo, pembeni kabisa mwa kiwanja, akasimama nje ya mlango.

Baba yake alikuwa peku mbele ya mafiga, anachochea kuni, anazungumza na mkewe. Alikuwa akimweleza kwamba mtoto hajapiga simu siku nyingi, ila asihangaike, kazi za mjini ndivyo zilivyo. Akanyamaza, kama mtu anayepisha mwenzake ajibu. Kisha akaendelea na habari za mvua, na za mkungu ulioanguka kabla haujakomaa, na za jinsi binti yao alivyokonda Desemba iliyopita na yeye asijue amwulizeje. Yote ambayo Nakijwa alisafiri kila mwaka kuyatafuta yalikuwa yanasemwa pale, kila alfajiri, hatua chache kutoka kitandani pake.

Kilio kilimshinda. Mzee akageuka, akamwona, akasogeza kigoda karibu na moto.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Mimi nilidhani moshi wa huku unakuumiza."

Nanyi mnaorudi mjini mkisema nyumbani hakuna tena mtu, hebu niambieni: mlikuwa mmeketi wapi mkimngojea?