Kitabu cha Mfuko wa Sukari

Mama mmoja alikuwa na kabati la kioo na mtoto mmoja. Vyote viwili alivipenda, na kwa muda mrefu hakujua kwamba alikuwa akivipenda kwa namna moja.

Jina lake Sikudhani. Kabati lilikaa sebuleni likitazama mlango, ili anayeingia alione kabla hajamaliza kubisha hodi. Ndani mlikuwa na vikombe sita vya maua, birika lake, na glasi ambazo hazijapata kuguswa na mdomo wa mwenye nyumba. Mnavijua vyombo hivyo. Mnavyo. Ni vya wageni, na mgeni mwenyewe akija anapewa chai kwenye kikombe cha plastiki kwa sababu ufunguo haujulikani uliko.

Mtoto aliitwa Zamda. Alikuwa anakaribia miaka sita, na Januari alitakiwa kuingia darasa la kwanza. Mwaka mmoja kabla ya hapo mwalimu wa chekechea aliwaita akina mama wa mtaa akawaambia wasingoje vitabu vya dukani. Akawaonyesha namna ya kutengeneza vitu kwa karatasi za nyumbani: kitabu cha kukunja, samaki mwenye magamba ya silabi, nyumba yenye mlango kwa kila herufi. Mtoto akizichezea karatasi, alisema, ataanza kuzisemesha, na akizisemesha ataandika. Akina mama wakaitikia, wakanywa soda, wakaondoka. Wengi somo waliliacha njiani. Wawili wakafika nalo nyumbani: Sikudhani, na jirani yake Mwajabu, mpika vitumbua.

Sikudhani alikuwa na mikono. Hilo simnyimi. Alikata kalenda za zamani akajenga nyumba ya milango ishirini na minne. Ukifungua mlango wa b unamkuta bata amesimama, ukifungua wa k unamkuta kuku na vifaranga. Samaki wake alikuwa na magamba ya ba, be, bi, bo, bu, kila gamba na rangi yake. Gundi aliipika kwa unga wa ngano, laini, bila hata donge moja. Alipomaliza alivifunika vyote kwa nailoni, akavitazama, moyo ukatulia. Kisha akavitia kabatini, kati ya birika na vikombe, akafunga.

Alivitoa kila alipokuja mtu wa kuonyeshwa. Zamda naye aliitwa aone, akaambiwa aweke mikono nyuma, maana mikono ya mtoto ina jasho na mafuta ya chakula. Akaweka mikono nyuma, akatazama. Mgeni akasifu. Vitu vikarudi mahali pake. Ikawa hivyo mwaka mzima. Mtoto hajifunzi kile unachodhani unamfundisha, anajifunza kile unachomfundisha, na Zamda alijifunza kuweka mikono nyuma. Kule chekechea, karatasi ikiwekwa mbele yake, mikono ilikwenda nyuma yenyewe, kama kuku wanavyoingia bandani bila kuswagwa. Akipewa penseli, inaanguka. Mwezi wa kumi mwalimu alimwita Sikudhani akamwambia kwa upole kwamba mtoto huyu hajaandika hata mstari mmoja, na asipoandika kufikia mwisho wa mwaka atabaki na wadogo wakati wenzake wanakwenda mbele. Sikudhani alilia njia nzima. Alipofika nyumbani akafanya analolijua. Alitengeneza tausi wa karatasi, mzuri kuliko vyote vilivyotangulia, akamtia kabatini.

Kwa Mwajabu kulikuwa na vurugu. Yeye alichukua mifuko ya kaki ya sukari, akaipasua, akaikunja, akaitoboa katikati kwa sindano ya kushonea magunia na kupitisha uzi. Hicho ndicho kitabu. Watoto wake wakiamka asubuhi, aliyeota ndoto anaisimulia naye anaiandika vilevile ilivyosemwa, hata kama imesemwa vibaya, kisha mwenye ndoto anachora chini. Wakikosana wanaandikiana. Wakipatana wanaandikiana. Kurasa zilikuwa na mafuta, na masizi, na punje za mchele. Kitabu kikijaa kinawasha jiko, kinashonwa kingine. Sikudhani alikuwa akivitazama kwa juu ya ukuta wa ua na kuvicheka, akaviita vitabu vya kuwashia moto, akamuuliza mwenzake kama haoni aibu kumpa mtoto uchafu asome. Mwajabu hakuacha kugeuza vitumbua vyake. Alisema, "Jirani, sufuria isiyo na masizi, watu watauliza imepika nini."

Wakanuniana siku tatu, wakaombana chumvi, yakaisha.

Mwezi wa kumi na moja mama mzazi wa Sikudhani alianguka kisimani akavunjika nyonga, huko kijijini, mwendo wa nusu siku kwa basi. Mume wa Sikudhani alikuwa kazini mbali. Hakukuwa na namna. Zamda akapelekwa kwa Mwajabu na mkoba wa nguo, na maelezo marefu kuhusu kuoga, kunywa maji ya kuchemsha, na kutochezea moto. Mwajabu aliitikia yote na kusikia machache.

Siku mbili za mwanzo Zamda alisimama pembeni ya ukumbi, mikono nyuma, akiwatazama wenzake wakigombea penseli. Binti wa Mwajabu, Tunu, wa miaka saba, akauliza kama huyu amefungwa kamba. Mwajabu hakumbembeleza mtoto wala hakumhubiria. Siku ya tatu alikuwa anashona kitabu na kurasa zinamteleza. Akamwita Zamda, akamwambia ashike hapa, na hapa, kwa nguvu, sindano isije ikamchoma. Kazi ile ilitaka mikono miwili, na mtoto alikuwa nayo miwili. Akaileta mbele, akashika. Ilikuwa na mafuta ya kitumbua. Uzi ulipokazwa na mikono kuondolewa, vidole kumi vilibaki pale juu ya karatasi, vimechapika. Zamda aliviona akairudisha mikono nyuma haraka.

Mwajabu naye akaviona. Akasema, "Umeshaichafua, haya, endelea."

Akarudi kwenye jiko lake.

Sasa msidhani ni miujiza. Herufi zote mtoto alikuwa nazo. Alikuwa amezitazama mwaka mzima nyuma ya kioo, na kioo hakizuii macho. Kilichokosekana kilikuwa ruhusa tu. Alichora duara kuzunguka kila kidole. Akavipa macho. Kabla ya adhuhuri vidole viwili vilikuwa na majina, na kufikia jioni Zamda alikuwa ameng'ata penseli ya Tunu na kukataa kuirudisha.

Mwajabu alipomwandalia Sikudhani kikapu cha kupeleka kwa kondakta wa basi, mchele kidogo, kanga, dagaa, Zamda alitia humo kitabu chake. Kilikuwa na kurasa tano. Ukurasa wa kwanza ulisema MAMA RUDI. Wa pili ulisema BIBI PONA, na chini yake mtu mwenye mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Wa tatu ulikuwa kitumbua, au jua, haikujulikana. Wa nne ulisema TUNU MWIZI. Wa tano haukuwa na kitu. Alimweleza Mwajabu kwamba huo ni wa mama kujibu, na kwamba kitabu kirudi na kikapu.

Sikudhani alikifungua kando ya kitanda cha mgonjwa. Alikisoma mara moja, akakisoma tena, akakisoma mara ya tatu kwa sauti huku machozi yakimdondoka. Bibi mgonjwa alicheka mpaka nyonga ikamkatalia kucheka. Alitaka kujua Tunu kaiba nini. Akamwambia binti yake amuulize mtoto, na amuulize leo, maana ukurasa si huu hapa, mweupe, na kikapu kinaondoka kesho? Sikudhani akashtuka kama aliyeambiwa aandike kwenye shuka ya harusi. Kuandika humu? Kwa mwandiko wake? Si ataharibu? Akakipangusa kwa upindo wa kanga, akakifunga kwenye leso safi, akakiweka chini ya mto. Kikapu akakirudisha na ndizi.

Zamda alikipokea kile kikapu mlangoni. Alitoa ndizi moja moja mpaka akafika kwenye majani ya chini. Akayainua majani. Akarudisha ndizi, akazitoa tena, kwa sababu mtoto haamini mara moja. Kikapu cha pili kikarudi na mihogo, akafanya vilevile. Baada ya hicho hakutafuta tena. Tunu alimletea penseli mwenyewe, bila kuombwa, na hajawahi kumletea mtu kitu. Zamda akasema hataki, mkono unauma.

Sikudhani alirudi baada ya wiki tatu, mama yake akiwa ameanza kukaa kitako. Alirudi na furaha, mfano wa mtu aliyeokota dhahabu. Kabla hajanawa miguu alitafuta ufunguo, akaufungua mlango wa kabati, akamsogeza tausi, akamsogeza samaki, akakiweka kitabu cha mfuko wa sukari mbele ya vyote, akafunga. Jioni majirani wakaja kumpa pole ya kuuguza. Akawaonyesha. Akasema mtoto wangu ameandika, akasema tazameni, na kila mtu akainama mbele ya kioo akatikisa kichwa kwa kustaajabu. Akaitwa Zamda naye aje asifiwe.

Mtoto alikuja akasimama katikati ya watu wazima, akakitazama kitabu chake kule ndani. Akasema, "Kumbe mama, na hiki nacho ni cha wageni?"

Wageni walicheka, kama watu wazima wanavyocheka mtoto akisema kweli. Mwajabu hakucheka. Sikudhani naye hakucheka. Alisimama pale na ufunguo mkononi, na nadhani kwa mara ya kwanza aliona kwamba mtoto wake alikuwa amesimama upande ule ule wanaosimama watu wa kupita.

Akafungua kabati. Akakitoa kitabu, akakaa nacho sakafuni, mbele za watu, na nguo yake ya safari. Akaomba penseli, na nyumba nzima ya mama huyu hodari haikuwa na penseli ya kuandikia. Zilikuwako, lakini zilikuwa kabatini nazo, kumi na mbili, ndani ya boksi lao, hazijachongwa. Mwajabu akachonga moja kwa kisu cha jikoni. Sikudhani akafungua ukurasa wa tano, akaandika: TUNU KAIBA NINI.

Zamda akachuchumaa. Akasoma kwa kidole, silabi kwa silabi. Alipofika mwisho akatazama huku na huku, anataka kujibu na karatasi zimekwisha. Basi akaingiza mkono kabatini, akaitoa ile nyumba ya milango ishirini na minne, akapasua nailoni kwa meno, akang'oa mlango wa k pamoja na kuku na vifaranga vyake, akaugeuza upande mweupe.

Mama mmoja akasema haa. Sikudhani alifumba macho. Kisha akafumbua, akaushikilia ule mlango usiteleze, ili mtoto aandike vizuri.

Mtoto akaandika: UBWABWA WANGU WOTE. Tunu, aliyekuwa mlangoni, akapinga kwa sauti kwamba si wote, alibakiza. Mwajabu akamwambia kama ana la kusema aliandike. Akapewa mlango wa l.

Kufikia masika ile nyumba haikuwa na mlango hata mmoja, samaki alikuwa amepukutika magamba, na tausi sijui aliishia wapi. Nimesikia mkia wake uliandikwa barua kwa bibi kijijini, na bibi akajibu kwa mkaa kwenye kipande cha boksi la sabuni. Zamda alikwenda darasa la kwanza na wenzake. Si wa kwanza darasani wala si wa mwisho, mwandiko wake umelala upande, na anaandika kwenye kila kitu kinachokaa kimya. Sikudhani anafagia karatasi kutwa mara mbili, na analalamika, na mtu akimsikiliza vizuri anamsikia akilalamika kwa raha.

Kabati ni nini, msiniulize. Kila mmoja wenu analo. Mnawafungia watoto kile kilicho kizuri, mkisema siku yake itafika. Haya, mimi nauliza: huyo mgeni mnayemtunzia akifika, nani humo ndani atakuwa na neno la kumwambia?