Miparachichi Katikati ya Mbaazi

Sogeeni, sogeeni. Na wewe mwenye tabia ya kuhukumu kabla kesi haijasikilizwa, ukalie ulimi wako kwanza.

Huko milimani Upare palikuwa na watu watatu. Nakundwa alijua mawe: akijenga kingo za matuta, hata mbuzi wapite juu, jiwe halichezi. Kaka yake, Mbonea, alijua maji: anapochimba mfereji, maji hayabishani naye. Na rafiki yao Senkondo alijua kuotesha. Huyo, jamani, hata mwiko wa ugali angeuotesha!

Bibi Namsifu alikuwa na shamba la mteremko lililochoka. Mvua ikinyesha, udongo unajiendea mtoni. Akawaambia, "Limeni mle, wajukuu zangu. Ila mti msipande." Kule kila mtu anajua: kwenye shamba la kuazima hupandi mti, maana penye mti wako ndipo kwako. Bibi akaenda kukaa kwa binti yake mjini. Wale watatu wakaapa kwamba siku Bibi akiwapa shamba, litakuwa la wote.

Nakundwa alikiamini kiapo hicho kuliko wenzake. Mumewe alipofariki, wakwe walimfukuza, akatoka na jembe tu. Hakuwa na pengine pa kulima.

Basi akabeba mawe mpaka utosi ukaota sugu, akajaza samadi kwenye matuta. Mbonea akaleta maji kutoka ndiva, lile bwawa la kijiji. Zamu yake ikifika, hata ana homa, anaamka. Senkondo akachagua mbegu, akapanda maharage, mahindi na mbaazi, na mbaazi zikarefuka kupita vichwa vyao.

Masika ya tatu ikaja na mvua ya kichaa. Mashamba ya majirani yakaporomoka, la kwao likasimama.

"Mawe yangu hayo!" Nakundwa akatamba kijiji kizima.

Mbaazi zilipokwisha kuvunwa, akaenda kwa mara ya kwanza kufyeka mashina yake. Panga likagonga kitu kigumu. Mparachichi. Akafyeka mbele, mwingine. Ukingo mzima wa matuta, miparachichi, mizizi imekumbatia mawe yake.

"Senkondo! Nini hiki?"

"Hiyo ndiyo iliyoshika mawe yako, dada. Bila hiyo yangekuwa mtoni sasa hivi."

"Si tuliapa litakuwa la wote?"

"Tuliapa. Ila wewe ulitaka tulime shamba la watu mpaka lini?"

Nakundwa akatukana, kisha akainama kuitazama mizizi. Viangazi vyote vile vikali, miche midogo ilikunywa nini? Akamgeukia kaka yake. Mbonea alikuwa anaangalia miguu yake.

"Aliniahidi nusu," akasema.

Loo! Ndugu wa tumbo moja! Wahenga hawakukosea, kikulacho ki nguoni mwako. Ya Senkondo angeyameza, lakini kwa ya Mbonea akalia mbele yao bila aibu.

Bibi Namsifu aliporudi, akaitazama miti, akawatazama wao.

"Shamba silikati vipande kama mkate," akasema. "Nitampa mmoja. Semeni."

"Miti ni yangu," akasema Senkondo, "na ndiyo iliyozuia udongo usiende."

"Bila maji yangu ingekuwa kuni," akasema Mbonea.

"Bila matuta yangu," akasema Nakundwa, "wasingekuwa na udongo wa kupandia wala wa kumwagilia. Na mimi peke yangu sikukusaliti, Bibi."

Bibi akatikisa kichwa. "Kweli hukunisaliti. Sasa nikikupa wewe, miti hii utaifanyaje?"

Nakundwa alikuwa ameshika panga lake lile lile. Moyo wake ulitaka kuikata yote, mmoja baada ya mwingine, huku wale wawili wakitazama. Lakini masika aliiona kwa macho yake, na alijua mvua nyingine ingefanya nini. Akausogelea mti wa kwanza.

Haya, sasa fungua mdomo wako. Shamba ni moja, na Bibi anasubiri. Wewe ungempa nani? Na kama ni Nakundwa, mwambie basi: panga aliinue, au aliweke chini?