Chini ya Jiwe la Elias Gatty

Anayemchimbia mwenzake shimo husahau kwamba hakuna aliye karibu na ukingo kuliko yeye mwenyewe. Bi Enid Tolhurst wa Tasmania, kisiwa cha kusini mwa Australia, alilijua hilo akiwa na udongo mpaka viwikoni.

Bi Enid alikuwa mjane, na kwao ni ukoo wa Pell, jina alilolitaja kama wengine watajavyo wafalme. Josiah Pell, babu wa babu yake, alikuja kutoka Uingereza kwa nauli yake mwenyewe, akafyeka msitu, akapanda matofaa. Ndivyo alivyosimuliwa, na ndivyo alivyowasimulia watu mpaka wakachoka. Katika kisiwa kile, miaka ile ya hamsini ya karne ya ishirini, wengi walitokana na wafungwa walioletwa kwa minyororo kutoka Uingereza, na hakuna aliyethubutu kulisema.

Basi mwanawe wa pekee, Mervyn, alipomchumbia Thelma Gatty, Bi Enid alikosa raha. Kina Gatty hawakuwahi kueleza babu yao alikujaje. Akaanza kupekua. Alizunguka makaburi ya zamani akikwangua kuvu kwa kisu cha jikoni, hadi akaliona jiwe alilolitaka. Akaisoma mistari ya juu, akacheka peke yake, akaenda zake.

Jumapili iliyofuata, kasisi aliposoma tangazo la ndoa na kuuliza kama kuna mwenye pingamizi, Bi Enid akasimama.

"Mama, kaa chini," Mervyn alinong'ona.

"Sikai! Twendeni nje mkajionee."

Kanisa zima likamfuata. Jiwe lilikuwa limeinama, nusu yake imezama ardhini. Bi Enid akasoma: "Elias Gatty, mwizi wa kondoo aliyetubu, aliyeletwa na meli ya wafungwa."

Thelma akainamisha kichwa.

"Mmesikia? Mwenye damu ya mfungwa hakanyagi nyumbani kwangu! Mervyn, chagua: mimi au huyu."

"Bi Enid, hilo halizuii ndoa," kasisi alisema.

Mzee Herbert Gatty, babu yake Thelma, akasogea. "Yatosha, Mama Mervyn. Ulichotaka umekipata. Usiliguse tena hilo jiwe."

"Ahaa! Kumbe huko chini kuna mengine!" Bi Enid alimwona mzee anatetemeka, akadhani ni hofu. "Mmemficha nani? Muuaji?"

"Nakuomba, mwanangu. Uache udongo ulivyo."

Kumbembeleza kulikuwa kuutia moto mafuta. Bi Enid akapiga magoti na gauni lake la kanisani, akaanza kufukua kwa mikono. Watu walimzunguka, wengine wakitamani kumzuia, wengine wakitamani aongeze kasi. Herufi moja ikatokea, kisha nyingine. Akasoma kwa sauti kubwa, ili hata walio nyuma wasikose:

"Jiwe hili limewekwa na mwenzake wa mnyororo mmoja, Josiah..."

Sauti ikamkatika. Mervyn akainama, akapangusa udongo uliobaki.

"Pell," akamalizia.



"Maneno hayo tuliyafukia sisi," alisema Mzee Gatty kwa uchungu. "Wajukuu wa Josiah walipoanza kumwonea aibu, baba yangu akaona awasitiri. Na mimi kila mwaka naongeza udongo. Elias na Josiah walifungwa mguu kwa mguu tangu Uingereza, wakafa marafiki. Sikutaka tuje tunyosheane vidole hapa."

Bi Ruddock, jirani asiyejua kumeza neno, akauliza, "Sasa Enid, si umesema mwenye damu hiyo hakanyagi kwako? Leo utalala wapi?"

Kicheko kikapasuka makaburini. Mervyn hakucheka. Alimtazama mama yake kwa huruma na hasira, akamshika Thelma mkono.

"Umeniambia nichague, mama," alisema. "Nimeshachagua."

Wakarudi kanisani, na watu wakawafuata mmoja mmoja. Bi Enid alibaki amepiga magoti ndani ya shimo alilolifukua kwa mikono yake, akilia, na safari hii hakuwa na wa kumlaumu. Mchimba kisima huingia mwenyewe.