Picha ya Mama Aliyelia Mlimani

Isome taratibu, halafu umtumie yule rafiki yako asiyetulia.

Lukelo alikuwa mpiga picha za matukio. Mafuriko, ukame, migomo, kote alifika wa kwanza na kuondoka wa kwanza. Hata akila nyumbani, mguu mmoja ulikuwa mlangoni. Mkewe alishachoka kumwambia, "Kaa basi, angalau umalize chai."

Siku moja mlima ulimeguka ukafukia nyumba za kijiji kimoja. Lukelo akafika matope yakiwa bado yanateremka. Akamwona mama mmoja amepiga magoti, mikono kichwani, analia kwa sauti. Akampiga picha.

"Analia nini?" akamuuliza mzee mmoja aliyekuwa akifukua kwa jembe.

"Mtoto wake amefukiwa."

Hayo yalimtosha. Akarukia gari, maana alisikia wilaya ya pili daraja limesombwa.

Picha ile ilimpa jina. Ikatoka gazetini, ikapata tuzo, ikatundikwa kwenye kuta za maofisi. Chini yake waliandika: "Mama aliyempoteza mwanawe."

Lakini Lukelo hakuwa na raha. Kila alipoiona alihisi kuna kitu amekiacha kule, asijue ni kitu gani. Miaka ikapita, hali ikazidi. Mwishowe akaenda, bila kutumwa na mtu.

Akamkuta yule mama, jina lake Sekela, anachambua maharage barazani na binti mmoja mrefu. Akajitambulisha.

"Nimekuja kukupa pole, mama. Siku ile sikukupa."

"Pole ya nini?"

"Ya mtoto wako."

Sekela akamgeukia binti. "Atupele, inuka umsalimie mgeni. Amekuja kutupa pole ya msiba wako."

Lukelo akamtazama binti, kisha akamgeukia mama.

"Siku ile waliokuwa wakifukua walikuwa ndiyo kwanza wamemfikia," Sekela akasema. "Nilisikia sauti yake ikiniita, magoti yakaisha nguvu. Nililia kwa furaha, kaka. Ungesubiri kidogo tu, ungeniona nimembeba."

"Nisamehe, mama."

"Mimi nimeshasamehe. Lakini mama yangu alikuwa mgonjwa, yuko mbali kwa kaka yangu. Gazeti lilimfikia kabla ya salamu zetu. Alikufa akimlilia mjukuu aliye hai."

Lukelo akakaa chini, akavuta ungo. "Nieleze yote. Tangu mwanzo."

Aliporudi mjini, aliirudisha tuzo. Akaliomba gazeti liitoe picha upya na maelezo ya kweli. Wakamwambia habari hiyo imeshapitwa na wakati. Basi akaanza kuzunguka mwenyewe, ofisi hadi ofisi, akiomba kubandika maneno mapya juu ya yale ya zamani: "Sekela, anapoisikia sauti ya binti yake."

Wengine humruhusu. Wengine humfukuza. Hadi leo bado anazunguka.

Funzo: Kabla hujasimulia uchungu wa mtu, keti umuulize mwenyewe; picha huonyesha machozi, haisemi yametoka wapi.