Fisi Bwana Afya na Kiroboto wa Sikio la Kushoto

Haya, leteni masikio.

— Haya hapa.

Yote mawili?

— Yote mawili.

Na aliyeshiba?

— Asinzie.

Na mwenye njaa?

— Asikilize.

Basi asikilize, maana hadithi hii ni ya chakula, na mimi leo nimeshindia muhogo mkavu, kwa hiyo mtu asinikatize.

Hapo kale palikuwa na kijiji cha mbwa watupu. Walijipikia wenyewe, chungu kimoja, kila mtu na bakuli lake. Mwaka mmoja wakala dagaa walioota ukungu, wakaharisha kijiji kizima, hata wa kubweka hakubaki. Tangu siku hiyo wakawa waoga wa chakula. Mtu anapakuliwa, anatazama bakuli kana kwamba ndani mna nyoka.

Fisi akasikia habari hizo. Akatafuta kofia, akatafuta fimbo, akaja mpaka kwenye chungu.

"Mimi ni Bwana Afya," akasema. "Kuanzia leo nakagua chakula chenu. Kizuri mtakula. Kibovu nitakiteketeza."

Mbwa wakapiga makofi. Nani angebisha? Fisi ana meno ya kuvunja jiwe, na sasa ana kofia pia.

Siku ya kwanza wakaleta samaki. Samaki wa asubuhi ile ile, macho yanang'aa, mashavu mekundu. Fisi akanusa: fu, fu, fu.

"Kimeharibika. Kiteketezwe."

Akakiteketeza: gubu, gubu, gubu. Akajifuta mdomo. "Nimewaokoa," akasema.

"Ahsante, Bwana Afya," wakasema mbwa, wakalala njaa.

Siku ya pili wakaleta maini. Maini safi, hayana utelezi, hayana harufu. Fisi akanusa: fu, fu, fu.

"Kimeharibika. Kiteketezwe."

Gubu, gubu, gubu. "Nimewaokoa."

"Ahsante, Bwana Afya," wakasema mbwa, wakalala njaa.

Siku ya tatu wakaleta mayai. Bi Mkiapinda, mbwa mwenye watoto sita, akayatia majini mwenyewe. Chubwi, chubwi, yote yakazama mpaka chini.

"Yai likizama ni zima, Bwana Afya," akasema kwa adabu.

"Nani kakudanganya? Yai zima huelea. Hili limezama kwa uzito wa ugonjwa. Liteketezwe."

Gubu, gubu, gubu, na maganda yake.

Siku hiyo watoto sita wa Bi Mkiapinda walinyonya, wakapata hewa. Walilia mpaka sauti zikakauka. Hapo mimi sicheki, na wewe unayecheka kule nyuma nimekuona.

Sasa, nyuma ya sikio la kushoto la Bi Mkiapinda alikuwa anaishi kiroboto mmoja. Alizaliwa hapo, akakulia hapo, kodi hajawahi kulipa. Naye alikuwa amekonda, amebaki miguu.

"Mama mwenye nyumba," akasema, "damu yako siku hizi ni maji ya kuoshea mchele. Ninakufa huku."

"Nitafanyaje, mpangaji wangu? Tukila kibovu tutakufa."

"Na msipokula?"

Bi Mkiapinda akawatazama wanawe sita. Hilo alikuwa hajalifikiria.

"Basi kesho," akasema Kiroboto, "muulize Bwana Afya swali moja tu. Mtu akipiga chafya juu ya chakula, anafanywaje? Yaliyobaki niachie mimi."

Siku ya nne mbwa wakapika chungu cha haja. Nyama ya mbuzi na ya kuku, malenge, ugali wa dona. Hawakutia chumvi. Hawakutia kitunguu, maana kitunguu ni sumu kwa mbwa. Mifupa ya kuku waliitupa mbali, isije ikamkwama mtoto kooni. Harufu ikatembea kijiji kizima. Fisi akaja mbio, mate yamemlowesha mpaka kifuani.

"Bwana Afya," akasema Bi Mkiapinda, "tufundishe kabla hujakagua. Mtu akipiga chafya juu ya chakula, anafanywaje?"

Fisi akatengeneza kofia. Alipenda sana kuulizwa.

"Huyo ni mgonjwa. Asisogelee chungu siku saba. Apewe uji mtupu, hata sukari usiwe nayo."

"Hata akiwa mkubwa?"

"Hata akiwa babu yangu."

Mbwa wote wakasikia. Fisi akainama kukagua. Kiroboto, pwi, akaruka kutoka sikioni, akaingia puani mwa Fisi. Fu, fu, fu.

"Kimeha... kimeha..."

Kiroboto akang'ata.

"Chyaaa!"

Kofia ikadondoka. "Ni pilipili hiyo," akasema Fisi.

"Hatukutia pilipili, Bwana Afya."

"Kimeha... kimeha... chyaaa! Basi ni moshi."

"Moto tumeuzima zamani, Bwana Afya."

"Kimeha... kimeha... chyaaa!"

Safari hii meno yaligonga chungu, ngo. Mbwa wakatazamana. Bi Mkiapinda akaja na bakuli mikononi.

"Pole, Bwana Afya. Uji wako huu. Sukari hatukutia, kama ulivyosema."

Fisi akakasirika, akataka kumrarua. Akafungua mdomo: chyaa! Akafungua tena: chyaa! Jaribu wewe kumng'ata mtu huku unapiga chafya, uone. Mbwa nao wakamzunguka, kila mmoja anamwambia pole, kila mmoja anamsogezea uji. Akanywa funda moja, funda la pili likamshinda, akatimua mbio porini. Kiroboto akashukia mwisho wa kijiji.

Chungu kile wakakimwaga, maana kilikuwa kimejaa chafya. Wakapika kingine, wakakinusa wenyewe. Na tuseme ukweli, mbwa ana pua kuliko wote, lakini walikuwa wamekaa siku nne wakingoja pua ya fisi.

Wakala. Maziwa yakarudi, watoto sita wakashiba, wakalala tumbo juu. Kiroboto akapanda juu ya ile kofia.

"Sasa Bwana Afya ni mimi," akasema. "Ila mimi sikagui chungu. Mimi namkagua aliyekula."

Akaanza kumkagua Bi Mkiapinda mgongoni. Akaona kazi ni kubwa, akaita ndugu zake mia nne wamsaidie. Mpaka leo mbwa akijikuna, ujue yumo katika kukaguliwa.

Funzo lake ni hili: mbwa ukimlisha vizuri, unanenepesha viroboto. Kwa hiyo mpe dagaa wa ukungu, yai linaloelea na kitunguu kingi, viroboto wafe njaa. Na ukimwona mtu ana kofia, mwamini hapo hapo.

Hadithi nimeikomba mpaka chini ya sufuria.

— Na ukoko?

Ukoko ni wangu.