Sungura wa Subilaga

Mtu mmoja alikuwa na sungura ambaye hakuwa wake. Alikuwa wa mkewe, Subilaga, aliyemlea tangu akienea kiganjani, akimlisha nyasi alizozikata mwenyewe na kuzianika kivulini, zikakauka bila kupoteza harufu. Subilaga alipofariki, sungura akabaki na mumewe, Ambakisye.

Mwanzoni mnyama alijibanza pembeni ya banda, akimtazama. Siku Ambakisye alipomletea kipande cha ndizi mbivu, sungura alimjia akala mkononi mwake, na masharubu yakamgusa vidole. Tangu mazishi, hakuna kiumbe kilichokuwa kimemfurahia namna ile. Kesho yake akaleta ndizi tena, kisha karoti, kisha mkate. Nyasi kavu aliendelea kuziweka, kwa kuwa mkewe alikuwa akiziweka, lakini sungura alizikanyaga na kuzilalia. Alipozichanganya na karoti zilizokatwakatwa, sungura alichambua karoti kama mtu achaguaye mchele, akaziacha nyasi zote. Ambakisye hakumlazimisha. Aliwaambia majirani kwamba yatima habembelezwi kwa majani makavu.

Tusekile, mdogo wa marehemu, alipokuja kumjulia hali alimkuta anamenya ndizi. Alimtania kwamba sasa ameelewa kwa nini shemeji yake hazungumzii kuoa: tayari ana bibi harusi ndani, tena asiyeosha hata kikombe. Kisha akamnyanyua sungura, na utani ukamwisha. Chini ya manyoya aligusa mifupa. Kidevu kilikuwa kimelowa mate. Sungura alipewa karoti, akaitia mdomoni, akaidondosha.

Walimpeleka kwa daktari wa mifugo. Yeye aliwaeleza kwamba meno ya sungura hayaachi kuota maisha yake yote, na kinachoyasaga ni kutafuna nyasi kutwa nzima. Vyakula laini havisagi kitu. Meno ya huyu yalikuwa yamerefuka mpaka yakamchoma ulimi, hivyo alikuwa akifa njaa mbele ya sahani iliyojaa. Daktari aliyapunguza, akaagiza nyasi kavu na maji tu. Kama hatakuwa amekula kufikia kesho jioni, wamrudishe upesi. Hakuwaahidi kwamba atapona.

Waliporudi, Ambakisye aliweka nyasi bandani. Sungura alimjia mbio, akanusa viganja vitupu, akamgeuzia mgongo. Ambakisye akaenda jikoni, akarudi na ndizi. Tusekile alikuwa ameketi mlangoni mwa banda, na hakumpisha.

"Shemeji," alimwambia, "huyu alimnunia dada pia, kila alipomnyima. Dada alikubali kununiwa. Wewe huwezi, ndiyo maana unamuua."

Ambakisye aliimenya ile ndizi akaila mwenyewe, polepole, kama mtu anayemeza dawa chungu.

Asubuhi nyasi zilikuwa kama alivyoziacha, na sungura bado ametazama ukuta. Ambakisye alizitoa, akaweka nyingine, akaondoka. Mchana alirudi, akaona vilevile. Alikuwa ameshaandaa kapu la kumbebea kwa daktari aliposikia, akiwa nje ya banda, sauti ndogo ya kitu kikavu kinachovunjika. Ikanyamaza. Ikaanza tena, na safari hii haikukoma. Alitamani kuingia amshike, lakini alibaki nje, asije akamkatiza.

Sungura yule aliishi miaka mingi. Alikula nyasi kila siku, akanenepa, meno yake yakakaa sawa. Lakini hakumkimbilia tena Ambakisye kama alivyomkimbilia siku za ndizi.

Basi wewe uliyekabidhiwa mtu wa kumtunza, jiulize: unamlisha ili aishi, au unamlisha ili akupende?