Zimwi Lililoficha Vifuniko

Sogeeni, na anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana hadithi hii haipendi kukatizwa.

Palikuwa na mwanamke, jina lake Mwanatumu, na mvunguni mwa kitanda chake likahamia zimwi. Halikula mtu, lilificha vitu tu. Akisonga ugali, mwiko hauonekani. Akichuja tui, kifumbu hakionekani. Akitaka kuupalia wali makaa, kifuniko hakionekani, naye anazunguka nyumba nzima akisonya.

Mumewe akasema, "Mke wangu, tuhame."

"Hama wewe! Mimi sihamishwi na mwizi wa vifuniko."

Akainama mvunguni. "Wee zimwi, utatoka lini?"

"Nipe mbuzi. Naapa kwa pembe zangu, nikipata mbuzi natoka, sirudi." Likacheka, kwani nyumba ile haikuwa na hata kuku.

"Hata akiwa mkavu?"

"Hata akiwa mkavu!"

"Hata akiwa hali majani?"

"Hata akiwa hali majani!"

"Hata akiwa meno nje?"

"Lete mbuzi, mwanamke!"

Mwanatumu akaenda jikoni, akaichukua mbuzi yake ya kukunia nazi, akaisukuma mvunguni, meno mbele. Zimwi likapiga yowe, lakini lilikwisha kuapa. Likatoka na mbuzi kwapani.

Mpaka leo Mwanatumu anaazima mbuzi kwa jirani, wala hajuti. Na zimwi? Lilitafuta nyumba nyingine. Wewe uliyekuwa ukihangaikia kifuniko jioni hii, mbona unanikodolea macho mimi? Chungulia mvunguni.